Uteuzi wa Mabomba ya Chuma cha Kaboni kwa Kazi za Joto Kali: Mfano wa Viwanda na Mitambo ya Dhahabu kutoka Songwa hadi Geita

1.0 Utangulizi

Songwa ni kata ya Wilaya ya Kishapu, mkoani Shinyanga, iliyo jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui, ambao chimbuko lake ni ugunduzi wa John Williamson mwaka 1940. Kuanzia hapo kuelekea magharibi, kupitia Kahama hadi Geita, nchi ya almasi na pamba huwa nchi ya dhahabu. Badiliko hilo huenda sambamba na badiliko la kazi inayofanywa na mabomba. Almasi hutenganishwa na mwamba kwa kuponda, kuosha na kutumia tofauti ya uzito, shughuli ambazo hazihitaji joto. Dhahabu iliyonaswa na kaboni, kwa upande mwingine, hutolewa humo kwa mmumunyo wa moto wenye kostiki na sayanaidi. Bomba linalofaa kwa kazi ya kwanza laweza kuwa hatari katika kazi ya pili, ingawa kwa macho mabomba yote mawili ni meusi na yanafanana.

Makala hii inafafanua namna bomba la chuma cha kaboni linavyopaswa kuteuliwa kwa ajili ya kazi za joto kali katika ukanda huo. Hoja yake kuu ni kwamba joto peke yake halitoshi kuwa kigezo cha uteuzi. Majedwali ya viwango vya kihandisi hujibu swali la nguvu ya chuma katika joto fulani, lakini joto la mitambo mingi ya ukanda huu liko chini sana ya kikomo ambapo nguvu hiyo huanza kupotea. Kinachovunja bomba hapa, mara nyingi, ni mambo matatu yanapokutana: joto, kimiminika kilichomo ndani, na mkazo uliobaki katika maungio yaliyochomelewa. Vipimo vyote vya joto katika makala hii ni vya nyuzi za Selsiasi.

2.0 Tabia ya Chuma cha Kaboni Katika Joto

Chuma cha kaboni ni mchanganyiko wa chuma na kiasi kidogo cha kaboni, pamoja na manganizi, silikoni na mabaki ya fosforasi na salfa. Katika joto la kawaida nguvu yake haibadiliki kwa kupita kwa muda: bomba lililobeba mzigo leo litaubeba mwakani, mradi kutu isilipunguze unene. Joto linapopanda, mambo matatu hutokea kwa kufuatana.

Kwanza, nguvu ya chuma hupungua polepole. Pili, kuanzia karibu nyuzi 370, chuma huanza kutambaa, yaani hurefuka kidogo kidogo chini ya mzigo usiobadilika hadi kikatike, hata kama mzigo huo ni mdogo kuliko ule ambao kingeuhimili kwa muda mfupi. Tatu, kinapokaa kwa muda mrefu katika joto la zaidi ya nyuzi 425 hivi, kaboni iliyofungamana na chuma huachana nacho na kuunda chembe za grafiti. Chembe hizo hazina nguvu, na zikijipanga mstari mmoja chuma hupasuka bila dalili ya awali.

Tukio la Springdale, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, mwaka 1943, ndilo lililowafundisha wahandisi jambo hilo la tatu. Bomba la mvuke la kituo cha kufua umeme, lililotengenezwa kwa chuma chenye molibdenamu kidogo na kutumika katika joto la karibu nyuzi 505, lilipasuka pembeni mwa ungio lililochomelewa. Uchunguzi ulionesha kuwa grafiti ilikuwa imejipanga katika eneo lililoathiriwa na joto la uchomeleaji. Tangu hapo viwango vya Marekani hutahadharisha dhidi ya kukitumia chuma cha kaboni kwa muda mrefu juu ya nyuzi 427. Lililo muhimu zaidi kwa mjadala huu ni mahali bomba lilipopasukia: pembeni mwa ungio.

3.0 Viwango na Madaraja ya Mabomba

Mabomba ya chuma cha kaboni yanayouzwa Afrika Mashariki kwa matumizi ya viwandani huambatana zaidi na viwango vitatu vya Marekani. ASTM A53 huhusu bomba la matumizi ya jumla, lenye mshono au lisilo na mshono, jeusi au lililopakwa zinki. API 5L huhusu bomba la kusafirishia mafuta na gesi. ASTM A106 huhusu bomba lisilo na mshono lililokusudiwa joto kali.

Kwa nguvu peke yake, daraja B la A53 na daraja B la A106 halitofautiani: yote mawili hutakiwa kuhimili mvuto usiopungua megapaskali 415 kabla ya kukatika, na megapaskali 240 kabla ya kunyooka bila kurudi. Tofauti imo katika namna chuma kilivyotengenezwa. A106 hudai silikoni isiyopungua asilimia 0.10, na huruhusu salfa isiyozidi asilimia 0.035, ilhali A53 haidai silikoni na huruhusu salfa hadi asilimia 0.045. Silikoni huondoa oksijeni katika chuma kilichoyeyuka, na chuma kilichotulizwa kwa njia hiyo hustahimili joto vizuri zaidi. Aidha, A106 haina mshono wa urefu, ambao ni sehemu ya kwanza ya kutiliwa shaka katika bomba linalopashwa joto na kupozwa mara kwa mara.

Viwanda vingi hutengeneza bomba moja linalotimiza masharti ya viwango vyote vitatu na kuligonga alama zote tatu. Hivyo basi, mnunuzi anayesisitiza alama ya A106 halazimiki kila mara kulipa zaidi; analolazimika kufanya ni kuitafuta alama hiyo na cheti chake.

4.0 Ngazi za Joto Katika Ukanda wa Songwa, Kahama na Geita

Ili kuona mahali ambapo uteuzi unakuwa mgumu, kazi za mabomba katika ukanda huu zinaweza kupangwa kwa ngazi tano.

Ngazi ya kwanza ni maji baridi. Mradi unaochukua maji ya Ziwa Victoria pale Ihelele na kuyafikisha Kahama na Shinyanga, uliozinduliwa mwaka 2009, ndio mfano unaojulikana zaidi. Hapa kanieneo na kutu ndivyo vinavyotawala uteuzi.

Ngazi ya pili ni uvuguvugu. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443 na kipenyo cha inchi 24, hupita katika mikoa ya Geita na Shinyanga. Limesanifiwa kupashwa joto ili mafuta yenye nta yabaki juu ya nyuzi 50 na yasigande. Kiwanda cha kuyavika mabomba hayo tabaka la kuhifadhi joto kilijengwa Sojo, wilayani Nzega. Ingawa huitwa bomba la kupashwa joto, kwa chuma chenyewe nyuzi 50 si joto kali.

Ngazi ya tatu ni elusheni, yaani hatua ya kuiondoa dhahabu katika kaboni. Hatua hii hufanyika katika migodi mikubwa, na pia katika mitambo midogo inayochenjua kaboni kutoka kwenye matangi ya wachimbaji wadogo wanaorudia marudio. Kwa mbinu ya Zadra, iliyobuniwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1950, mmumunyo wenye takriban asilimia 1 ya kostiki na sayanaidi kidogo huzungushwa katika joto la karibu nyuzi 95. Katika mwinuko wa mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, ambao ni wa kawaida katika ukanda huu, maji huchemka karibu nyuzi 96. Kwa hiyo mtambo wa wazi hauwezi kupandishwa joto zaidi ya hapo. Anayetaka kufupisha muda wa elusheni hulazimika kufunga mtambo na kuutia kanieneo, ndipo afikie nyuzi 110 hadi 140.

Ngazi ya nne ni mvuke. Viwanda vya kukamua mafuta ya mbegu za pamba hutumia boila. Mvuke wa kanieneo la baa 10 juu ya hewa huwa na joto la karibu nyuzi 184.

Ngazi ya tano ni tanuri la kuhuisha kaboni, ambalo hufanya kazi kati ya nyuzi 650 na 750. Hapa chuma cha kaboni hakina nafasi: hubanduka magamba, hutambaa na kupinda. Huhitajika aloi zenye kromiamu na nikeli nyingi.

Mpangilio huu unaonesha kuwa ngazi ya tano haina utata, kwani jibu lake ni hapana. Ngazi mbili za kwanza nazo zina mazoea yaliyokwisha kujengeka. Utata uko katika ngazi ya tatu na ya nne, ambako jedwali la nguvu humruhusu msanifu kutumia karibu bomba lolote.

5.0 Kinachosemwa na Kisichosemwa na Hesabu ya Unene

Kanuni ya Marekani ya mabomba ya viwandani, ASME B31.3, hutoa mkazo unaoruhusiwa kwa kila chuma katika kila joto. Kwa A106 daraja B, mkazo huo ni megapaskali 138 hivi kuanzia joto la kawaida hadi karibu nyuzi 200. Katika nyuzi 427 hushuka hadi zaidi kidogo ya nusu ya kiasi hicho, na katika nyuzi 538 hubaki sehemu moja ya nane. Kwa maneno mengine, ndani ya ngazi ya tatu na ya nne, kanuni haikipunguzii chuma nguvu yoyote.

Chukua mfano wa bomba la inchi 3, lenye kipenyo cha nje cha milimita 88.9, linalobeba mvuke wa baa 10, sawa na megapaskali 1. Unene unaohitajika kuhimili kanieneo peke yake hupatikana kwa kuzidisha kanieneo kwa kipenyo, kisha kugawanya kwa mara mbili ya mkazo unaoruhusiwa pamoja na nyongeza ndogo ya kanieneo. Jibu ni milimita 0.32 tu. Msanifu akiongeza milimita 3 za akiba ya kutu, na kuzingatia kuwa kiwanda huruhusiwa kupungukiwa asilimia 12.5 ya unene, atahitaji bomba la milimita 3.8. Bomba la kawaida la skedyuli 40 lina milimita 5.49, hivyo linatosha.

Hesabu hii ina funzo. Katika milimita 3.8, kanieneo limedai chini ya sehemu moja ya kumi. Sehemu kubwa iliyobaki ni akiba ya kutu. Akiba hiyo ina maana pale tu ambapo chuma hulika kwa usawa, milimita kwa milimita. Dhidi ya ufa unaopenya ukuta mzima bila kupunguza unene wake, akiba ya kutu haisaidii. Hapo ndipo kimiminika kinapoingia katika uteuzi.

6.0 Kimiminika Kama Kigezo cha Uteuzi

6.1 Kostiki na ufa

Kostiki baridi haikidhuru chuma cha kaboni. Huufunika uso wake kwa utando unaouzuia kutu. Ndiyo maana matangi ya kuyeyushia dhahabu kwa sayanaidi, ambayo hutunzwa katika hali ya alkali, hujengwa kwa chuma cha kawaida na kudumu. Lakini kostiki ya moto, ikikutana na chuma chenye mkazo, hukipasua kupitia mipaka ya chembe zake. Kwa mmumunyo wa asilimia 50, hatari huanza chini kidogo ya nyuzi 50. Kwa mimumunyo hafifu mpaka huo hupanda hadi karibu nyuzi 80. Elusheni yenye kanieneo iko juu ya mipaka yote miwili.

Huenda ikadaiwa kuwa asilimia 1 ni kidogo mno. Dai hilo ni sahihi kwa mmumunyo ulio ndani ya bomba linalotiririka, na si sahihi mahali unapochemka au kukauka. Kwenye uso wa kipashio, chini ya masizi ya chokaa, au katika flanji inayovuja tone kwa tone, maji huondoka kama mvuke na kostiki hubaki. Mvujo unaoacha ungaunga mweupe kwenye gasketi ni kiwanda kidogo cha kuzalisha kostiki kali, kilichojengwa juu ya chuma chenye mkazo.

6.2 Zinki na shaba

Bomba lililopakwa zinki, linalopatikana katika kila duka la vifaa vya maji, halifai katika elusheni. Kostiki ya moto huyeyusha zinki, na sayanaidi nayo huyeyusha zinki. Zaidi ya hayo, zinki huivuta dhahabu kutoka kwenye mmumunyo. Tabia hiyo ndiyo msingi wa mbinu ya Merrill-Crowe ya kukusanya dhahabu. Mwenye mtambo anayetumia bomba la aina hiyo hupoteza bomba, na sehemu ya dhahabu yake hubaki ndani ya mtandao wa mabomba. Vali za shaba nyeupe na za shaba nyekundu nazo hazifai, kwa kuwa sayanaidi huyeyusha shaba.

6.3 Asidi na kloridi

Kabla au baada ya elusheni, kaboni huoshwa kwa asidi ya hidrokloriki ili kuondoa chokaa. Asidi hiyo hukila chuma cha kaboni moja kwa moja. Kukimbilia chuma kisichoshika kutu si suluhisho kamili, kwani madaraja ya kawaida ya 304 na 316 hupasuka yanapokutana na kloridi katika joto linalozidi nyuzi 60 hivi. Uamuzi ulio salama zaidi ni kutenganisha kazi: asidi ifanye kazi baridi katika chombo na mabomba yake yenyewe, yaliyowekwa bitana ya mpira au ya plastiki, na kaboni isuuzwe vyema kabla ya kuhamishwa. Utengano huo una sababu nyingine nzito kuliko bomba: asidi ikikutana na mmumunyo wa sayanaidi hutoa gesi ya hidrojeni sayanaidi, ambayo huua.

7.0 Maungio, Upanukaji na Kifuniko cha Joto

Bomba lililonunuliwa kwa uangalifu linaweza kuharibiwa na namna lilivyounganishwa. Chuma kilichochomelewa, kikipoa, hubaki na mkazo wa ndani unaoweza kufikia kikomo cha nguvu yake. Mkazo huo ndio unaolisha ufa wa kostiki. Dawa yake ni kupasha ungio joto la karibu nyuzi 620, kulishikilia, kisha kulipoza polepole. Kazi hii hufanyika kwa mikanda ya umeme na vipimajoto. Mwali wa gesi unaopitishwa kwa kukadiria hauitoshelezi. Vilevile mabomba yaliyopindwa bila kupashwa joto yanahitaji tiba hiyohiyo. Kwa hiyo, gharama ya chuma cha kaboni katika elusheni haiishii kwenye bei ya bomba. Msanifu anapaswa kujumlisha gharama ya kutuliza kila ungio kabla ya kulinganisha na aloi iliyo ghali zaidi.

Maungio ya skrubu nayo yaepukwe katika ngazi ya tatu na ya nne, isipokuwa kwa vifaa vidogo. Mkato wa skrubu hupunguza ukuta wa bomba, na mwanya wake ni mahali pa kostiki kujikusanya.

Upanukaji ni jambo jingine. Chuma cha kaboni hurefuka kwa takriban milimita 0.012 kwa kila mita kwa kila nyuzi. Bomba la mvuke la mita 30 likipanda kutoka nyuzi 25 hadi 180 litarefuka kwa milimita 56. Likifungwa pande zote mbili bila kona ya kulipumulisha, nguvu hiyo itaishia kwenye maungio.

Hatimaye, kifuniko cha kuhifadhi joto, ambacho ni cha lazima kwa usalama wa wafanyakazi na kwa akiba ya kuni au dizeli, huficha kutu. Elusheni hufanyika kwa mikupuo: bomba hupata moto, hupoa, kisha hupata moto tena. Maji ya mvua yakipenya chini ya kifuniko kilichochanika hupata joto linalofaa kabisa kwa kutu. Chuma cha kaboni kinachofanya kazi chini ya nyuzi 175 hivi kiko katika hatari hiyo. Kifuniko kiwe na ganda lisilopitisha maji, na kiweze kufunguliwa kwa ukaguzi.

8.0 Uthibitisho Kabla ya Matumizi

Hakuna fundi awezaye kutambua kwa macho, kwa uzito au kwa cheche za jiwe la kusagia kama bomba ni A53 au A106. Uthibitisho pekee ni alama iliyogongwa au kuandikwa kwenye bomba, ikiwa na jina la kiwango, daraja na namba ya yeyusho, pamoja na cheti cha kiwanda chenye namba ileile. Bomba likikatwa, alama ihamishiwe kwenye kipande kinachobaki. La sivyo, kipande hicho hupoteza utambulisho wake. Mabomba ya chuma chakavu, hata yakiwa na unene wa kuridhisha, hayafai katika ngazi ya tatu na ya nne, kwa sababu historia ya joto, kostiki na kloridi iliyopita ndani yake haijulikani.

Baada ya kuunganishwa, mtandao hujaribiwa kwa maji kwa kanieneo la mara moja na nusu ya lile la usanifu. Maji hutumika badala ya hewa kwa kuwa hayahifadhi nguvu nyingi ya mlipuko. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, inahusisha pia ukaguzi wa boila na vyombo vya kanieneo. Mtambo mdogo wa elusheni unaofungwa na kutiwa kanieneo umeingia katika kundi hilo la hatari, hata kama mwenyewe anauona kuwa ni tangi la kupashia maji tu.

9.0 Hitimisho

Uteuzi wa bomba kwa kazi za joto kali katika ukanda wa Songwa, Kahama na Geita unapaswa kufuata mpangilio wenye maswali manne: ni nini kilicho ndani ya bomba, na kitakuwa na ukali gani mahali kinapokauka, joto la juu kabisa ni lipi, likiwemo lile la hitilafu, maungio yatafanywa na kutulizwa vipi, na mwisho, unene gani unatosha. Mazoea ya kuanza na swali la mwisho hutoa jibu sahihi kwa swali lisilo la msingi.

Kwa mvuke wa boila uliotunzwa vyema, A106 daraja B lisilo na mshono, lililochomelewa na kupewa nafasi ya kupanuka, ni chaguo linalojitosheleza. Kwa elusheni ya wazi chini ya nyuzi 96, chuma hicho kinaweza kutumika iwapo maungio yametulizwa na mivujo hairuhusiwi kudumu. Kwa elusheni yenye kanieneo, chuma cha kaboni kihesabiwe kuwa hakifai hadi msanifu athibitishe vinginevyo kwa maandishi. Kwa tanuri, kisifikiriwe.

Uzito wa uamuzi huo hupimika. Lita moja ya mmumunyo wa nyuzi 140 ikitoka ghafla kwenye hewa ya Geita, karibu asilimia 8 yake hugeuka mvuke papo hapo, na mvuke huo hujaza zaidi ya lita 100 za nafasi. Sehemu iliyobaki ni maji yanayochemka yenye kostiki na sayanaidi. Mhudumu wa mtambo husimama hatua chache kutoka hapo, akisoma kipimajoto, na usalama wake umekwisha kuamuliwa siku bomba liliponunuliwa na siku ungio lilipochomelewa.